Mgongo wa mwaka wa tatu: dawa, akili na imani kwa wanaoishi na maumivu sugu

Wagonjwa wa muda mrefu kwenye mabenchi ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI kama wengi tunavyoiita, hutambulika kwa bahasha zao. Ni bahasha kubwa za kaki zilizochakaa pembeni. Ndani mna eksirei ya mwaka juzi, MRI ya mwaka jana na karatasi za dawa ambazo mwenyewe ameshazikariri. Kisichoingia kwenye bahasha ni ile safari nyingine: mzee aliyemuumika mgongoni kule Tandika, mama wa maombi wa Kimara aliyempa mafuta ya upako, shemeji aliyemwambia kwa upole "hayo ni mawazo tu, shem", na jirani aliyemnong'oneza kwamba ugonjwa usioonekana hospitali ni wa kutumiwa.

Kila mmoja ana jibu, na kila jibu linamtaka mgonjwa ayaache yale mengine. Akiwa hospitali anaficha kwamba amepita kwa mganga. Akiwa kwenye maombi anaona aibu kusema bado anameza dawa, maana ataonekana hana imani. Akienda kwa mwanasaikolojia, kama amebahatika kumpata, ndugu wanaulizana chini chini kama amechanganyikiwa. Basi mwili umepewa daktari, akili imepewa mwanasaikolojia, roho imepewa shehe au mchungaji. Maumivu yenyewe hayaujui mgawanyo huo.

Maumivu yanapogeuka kuwa ugonjwa

Ukikanyaga msumari, maumivu ni taarifa: toa mguu, safisha kidonda, kachome sindano ya pepopunda. Kidonda kikipona, taarifa inakoma. Maumivu sugu ni habari nyingine. Huitwa hivyo yakidumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3, muda ambao majeraha mengi ya kawaida huwa yameshaunga. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iitwayo ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeyatengea nafasi yake. Ndani yake lipo kundi la maumivu ambayo hayaelezwi vizuri zaidi na ugonjwa mwingine. Hapo maumivu ndiyo ugonjwa. Kwa mtu aliyezungushwa miaka akiambiwa "vipimo viko safi", hiyo si habari ndogo.

Upo pia upande wa pili, wa vipimo visivyo safi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya tafiti za picha za uti wa mgongo za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Maana yake picha inaweza kuonyesha uchakavu wa kweli, na uchakavu huo usiwe ndio unaouma. Lakini ukishaambiwa "pingili zimesagika", unaacha kuinama, unaacha kumbeba mtoto, unaacha kusujudu na kuanza kuswali kwenye kiti, na miezi sita baadaye mgongo umedhoofika kwa kulindwa.

Kinachosafiri kutoka kiunoni kwenda juu ni ishara ya hatari tu. Maumivu yanaundwa kwenye ubongo, baada ya ishara hiyo kupimwa pamoja na mengine: umelalaje, unaogopa nini, mara ya mwisho ilikuwaje, nyumbani kuna nani. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo ishara hupita kwenye aina ya lango, na kwamba ubongo wenyewe huagiza lango hilo libanwe au liachwe wazi. Sehemu za maelezo yao zimesahihishwa tangu hapo, lakini msingi umesimama. Ndiyo sababu daktari wa jeshi la Marekani, Henry Beecher, aliyewahoji askari waliojeruhiwa vibaya katika Vita vya Pili vya Dunia, alikuta wengi wao hawaombi dawa ya maumivu. Kwa askari yule jeraha lilikuwa na maana ya kwamba amenusurika na anarudi nyumbani. Jeraha la ukubwa huohuo kwa fundi ujenzi wa Mbagala lina maana nyingine kabisa: kodi ya nyumba, ada za shule, mdomo wa mwenye nyumba.

Maumivu yakidumu, mishipa ya fahamu hujifunza kuwa myepesi kupita kiasi. Ni kama mlinzi wa geti aliyewahi kuvamiwa na wezi: tangu usiku ule anapuliza filimbi hata paka akipita ukutani. Huwezi kumwambia kwamba filimbi hailii. Inalia kweli, na mtaa mzima unaamka. Ila wezi hawapo. Kwa hiyo shemeji anayesema "mawazo tu" amekosea, na anayesema "lazima kuna kitu kimevunjika humo ndani" naye anaweza kuwa amekosea.

Kabla hatujaenda mbali, kuna maumivu ambayo wezi wapo, na hayataki falsafa. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mzee mwenye shida ya mkojo akianza kuumwa mifupa usiku, achunguzwe tezi dume. Ganzi kwenye mapaja ya ndani na sehemu za siri, miguu kulegea ghafla, au kushindwa kuzuia au kutoa haja ni dharura ya siku hiyohiyo. Usisubiri ibada ya Jumapili.

Na vipimo safi visiwe sababu ya kumfukuza mtu. Wanawake wengi wanaoumwa tumbo la chini kila mwezi huambiwa ni chango, wanywe mizizi, au wakizaa litaisha. Baadhi yao wana endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba zimeota nje yake. WHO inakadiria kwamba inawapata kama asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, na ultrasaundi ya kawaida inaweza isiione. Vivyo hivyo kijana mwenye selimundu (sickle cell), ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nao. Akifika hospitali saa nane za usiku analia mifupa, anastahili dawa kali ya maumivu upesi, si macho ya kumshuku kwamba amezoea sindano. Saikolojia na sala zinaongezwa juu ya matibabu hayo, hazichukui nafasi yake.

Hofu ya kuinama

Sehemu ya saikolojia ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, kwa sababu watu hudhani ni kuambiwa "punguza mawazo". Kazi yenyewe inahusu matendo zaidi. Chukua mama lishe aliyewahi kukabwa na kiuno akiinua sufuria. Tangu siku ile akiona sufuria, mwili unakaza kabla hajaigusa. Anamwachia binti kazi, anapunguza siku za kwenda kibandani, anaanza kulala mchana na kukesha usiku. Wateja wanahama, marafiki wa pale kibandani hawaoni sura yake. Hofu imechukua zaidi ya kile ambacho kiuno kilichukua.

Katika tiba ya fikra na tabia, wazo kama "nikiinama nitapooza" halikemewi, linajaribiwa. Leo unainama hadi magotini ukiwa umeshika meza, kesho bila meza, wiki ijayo na ndoo yenye lita tano. Kila hatua inaupa ubongo ushahidi mpya. Kingine kinachofundishwa ni kupanga kazi kwa saa badala ya kwa maumivu. Wengi wetu siku nzuri tunafua nguo za wiki nzima, halafu tunalala siku mbili. Mbinu ni kufua dakika 15 na kupumzika hata kama hujaumia, na siku mbaya kufua dakika tano hata kama hujisikii. Inaonekana jambo dogo, mpaka ujaribu kumshawishi mama wa Kiswahili aache beseni na nguo zimeshalowekwa.

Matokeo ya tiba hii yasitiwe chumvi. Kwa wastani hupunguza maumivu kidogo, na hupunguza zaidi ule ulemavu na dhiki vinavyoyafuata. Iko aina mpya zaidi inayomfundisha mgonjwa kuyatafsiri upya maumivu yake kama kelele isiyo na hatari. Jaribio lake la Marekani, lililochapishwa mwaka 2021 kwa watu 151 wenye mgongo sugu wa kiwango cha wastani, lilionyesha asilimia 66 ya waliotibiwa hivyo wamebaki bila maumivu au karibu na hapo, dhidi ya asilimia 20 waliochomwa sindano bandia na asilimia 10 walioendelea na matibabu yao ya kawaida. Ni jaribio moja, la watu waliochaguliwa. Linatia moyo, halitoshi kuuza miujiza.

Shida ya Dar ni kwamba wanasaikolojia tiba ni wachache na wa binafsi wana bei. Mlango ulio karibu zaidi ni fiziotherapia, kwenye hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala. Mtaalamu mzuri wa fiziotherapia anafanya nusu ya kazi ya saikolojia bila kuitaja: anakuonyesha kwa vitendo kwamba mgongo wako hauvunjiki. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeweka elimu, mazoezi na tiba za kisaikolojia miongoni mwa yanayopendekezwa, na umekataa mikanda ya kiuno na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini kama tiba ya kawaida ya hali hiyo. Mikanda hiyo, kwa taarifa yako, inauzwa Kariakoo kila hatua kumi.

Halafu kuna vikundi vya jogging. Alfajiri za Jumamosi na Jumapili, Temeke na Kinondoni zinaimba. Mtu mwenye mgongo haambiwi akimbie kilomita kumi. Huko nyuma wapo wanaotembea na kupiga soga, na hakuna anayewafukuza. Mazoezi, wimbo, watu na jua la asubuhi kwa pamoja: sijui kliniki gani ingekuandikia vyote hivyo kwenye cheti kimoja.

Sindano, pembe na pilipili

Je, tiba za sindano za Kichina, hijama (kuumikwa na kutolewa damu) na kukandwa zinafanya kazi? Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964 na Bara tangu 1968, kwa hiyo swali si geni kwetu. Utafiti mmoja mkubwa wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2007, uliwagawa wagonjwa 1,162 wa mgongo sugu makundi matatu. Wa kwanza walichomwa sindano kwa utaratibu wa Kichina. Wa pili walichomwa juu juu, mahali pasipo na maana yoyote katika utaratibu huo. Wa tatu walipewa matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6, 44.2 na 27.4 kwa mfuatano huo.

Mtetezi wa sindano anashika namba ya kwanza na ya tatu. Mpinzani anashika ya kwanza na ya pili. Mimi naona zote tatu zinasema jambo moja: nafuu ilikuwa ya kweli, lakini haikutoka kwenye ramani ya sindano. Ilitokana na kuguswa, kusikilizwa kwa muda, na kutarajia. Na kutarajia si hewa. Mwaka 1978 watafiti wa California waliwapa dawa bandia watu waliotoka kung'olewa jino, kisha wakawapa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya mofini. Nafuu ya waliokuwa wamesaidiwa na dawa bandia ikapungua. Mwili ulikuwa ukitengeneza dawa yake yenyewe ya jamii hiyo.

Kwa hiyo simcheki mtu anayesema hijama imemsaidia. Namuuliza mengine: wembe ulikuwa mpya na ulifunguliwa mbele yake? Maana homa ya ini na virusi vya UKIMWI havijali nia njema. Ana selimundu, upungufu wa damu, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Basi kutolewa damu kunaweza kumdhuru. Aliambiwa aache dawa za presha? Hapo asirudi tena. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza linalosajili waganga, na kumuuliza mganga usajili wake si kumvunjia heshima. Unga "wa asili" unaomaliza magoti kwa siku mbili utiliwe shaka kuliko ule usiofanya kitu. Katika nchi mbalimbali maabara zimekuta steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe, zimechanganywa humo kwa siri. Pilipili, kwa upande mwingine, imepita: mwongozo uleule wa WHO unakubali dawa ya kupaka yenye pilipili kwa kiuno sugu. Ya kupaka iliyotengenezwa kitaalamu, jamani, si ya kwenye kachumbari.

Swali ambalo kidonge hakilijibu

Cicely Saunders, daktari wa Uingereza aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wake yana pande nne zisizotenganishika: mwili, akili, jamii na roho. Alikuwa akiwahudumia wanaokufa, hasa kwa saratani, na hakuwahi kusema upande wa roho unatosha; alisisitiza mofini itolewe kwa saa kabla maumivu hayajapanda. Lakini alijua kwamba "kwa nini mimi?" ni sehemu ya ugonjwa.

Imani hugusa maumivu kwa njia zinazoweza kuonekana. Mwaka 2008 watafiti wa Oxford waliwapiga shoti ndogo za umeme Wakatoliki 12 na wasioamini Mungu 12, huku wakitazama ama mchoro wa Bikira Maria ama mchoro wa mwanamke mwingine. Wakatoliki waliripoti maumivu madogo zaidi mbele ya Maria, na sehemu ya mbele ya ubongo wao upande wa kulia, inayohusika na kulipa jambo maana mpya, iliamka. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini hupunguza pumzi hadi kama sita kwa dakika, kasi inayotuliza moyo na mishipa. Dhikri ya taratibu baada ya alfajiri haiko mbali na hapo. Ongeza kwamba swala tano zinampa mtu aliyejifungia chumbani sababu tano za kunyanyuka, na kwamba jumuiya ndogondogo za Kikatoliki zinamletea watu nyumbani kila wiki.

Ila imani ina upande unaodhuru. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament ametumia miaka mingi kutofautisha namna mbili za kumshika Mungu kwenye taabu: anayeona Mungu yuko naye, na anayeona Mungu amemwadhibu au amemtupa. Wa pili huwa na hali mbaya zaidi. Basi mchungaji anayemwambia mama mwenye goti bovu kwamba ana dhambi aliyoificha anaongeza maumivu, kwa maana ya kitabibu kabisa. Kisa cha Ayubu kiko kwenye Biblia na kwenye Kurani, na katika vyote viwili Ayubu anamlilia Mungu kuhusu taabu yake. Kwenye Biblia wanaokemewa na Mungu mwishoni ni wale rafiki zake waliomwambia lazima alikosea. Anayemnyamazisha mgonjwa kwa neno "subira" angekisoma upya.

Kuhusu kurogwa sina nia ya kubishana na imani ya mtu. Natazama kinachofuata. Mgonjwa anatafuta mtuhumiwa, na mtuhumiwa hatoki mbali: ni shangazi, ni mke mwenza, ni mpangaji wa chumba cha pili. Ndani ya mwezi amepoteza walewale ambao wangemchotea maji siku mbaya, na analala akiwa na hofu, na hofu hufungua lango lile la Melzack na Wall.

Mwaka 2011 taifa zima liliitazama Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe kimoja cha dawa yake ya mizizi kwa shilingi 500. Maelfu walisafiri, wengine kutoka Dar, na wapo waliofia kwenye foleni. Wapo walioacha ARV na dawa za kisukari. Sitaki kumhukumu mzee yule, aliyefariki mwaka 2021. Bei yake peke yake inamtofautisha na wengi waliomfuata. Lakini palipoanza madhara ni pale kikombe kilipowekwa badala ya dawa.

Mimi hupima tiba yoyote, ya hospitali, ya kochi la mwanasaikolojia au ya madhabahuni, kwa swali hili: baada ya miezi miwili, unafanya nini ambacho hukuweza kufanya? Umerudi kibandani? Umehudhuria harusi ukakaa mpaka keki ikakatwa? Unasujudu chini? Kama jibu ni "nimeambiwa nisubiri, nisiinuke, nilete kiasi kingine", tiba hiyo inakufunga.

Swali hilohilo liulizwe kwa vidonge. Diklofenaki na ndugu zake husaidia kwa muda mfupi, lakini zikimezwa miezi bila usimamizi huchimba vidonda vya tumbo, hupandisha presha na huumiza figo, hasa mwili ukiwa umepungukiwa maji. Ramadhani na mifungo ya kavu ya makanisani ni msimu wa hatari hiyo. Kurani imemruhusu mgonjwa asifunge, na mashehe wengi watakueleza hivyo ukiwauliza waziwazi badala ya kumeza vidonge viwili daku na kuomba mema. Dawa za mishipa ya fahamu kama amitriptilini na gabapentini hazipaswi kukatwa ghafla kwa sababu umepakwa mafuta. Mwambie daktari kwamba unaombewa na unatumia mizizi. Akikugombeza, hilo ni tatizo lake, lakini taarifa anaihitaji.

Siku mbaya zitakuja hata mambo yakienda vizuri, baada ya safari ya basi, msiba, au bila sababu. Zipangie mapema, siku ambayo kichwa kimetulia: dawa gani na isizidi kiasi gani, nani atapika, mazoezi gani mepesi hayaachwi, dua ipi unaipenda, nani wa kumpigia ambaye hatakuuliza ulimkosea nani. Kesho yake rudia nusu ya kazi zako, usianze na zote. Siku mbaya zikifululiza zaidi ya wiki mbili, au zikija na homa, ganzi au kukonda, rudi hospitali ukiwa umeziandika tarehe, na useme mapema kwamba haya si yale maumivu yako ya siku zote.